Zamu Yangu ya Kusikiliza Sufuria

Ijumaa, 9 Desemba

Kesho ndiyo kesho! Nyumba nzima inanuka pilipili na nyama ya nguruwe. Maganda ya mahindi ya kukunjia tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, yamelowekwa kwenye beseni la kuogeshea watoto. Watoto hatuna, beseni tunalo. Mgongo unaniuma kwa kukanda unga na mafuta. Kidonge cha kwanza cha unga nilichotia kwenye glasi ya maji kuupima kilizama. Cha pili kikazama. Cha tatu — kikaelea! Mama akasema haya, sasa mikono yako inaanza kuwa ya mpishi. Nina miaka arobaini na tatu, ndiyo kwanza inaanza.

Jioni Rogelio kapiga simu. Mdogo wangu huyu akiongea chinichini ujue kuna jambo, nikamchimba mpaka akasema. Kumbe amewaalika watu wote wa kazini kwake chakula cha Jumapili, bila kumwambia mkewe mpaka leo. Sasa Maricruz amehamia chumba cha wageni na haongei. Lakini kesho watakuja wote wawili, maana kutokuja kukunja tamale kwa Mama ni kujitangazia vita. Akaniomba nisimwambie mtu.

Nikasema mimi? Mimi ni kaburi.

Jumamosi, 10 Desemba

Ee Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Shangazi Elodia alifika na mikate yake ya sukari na mdomo wake, Rogelio na Maricruz nyuma yake. Maricruz alikuwa amenuna kweli, hakuficha. Akasalimia, akavaa aproni, akakaa mwisho wa meza akaanza kupaka unga kwenye maganda. Anapaka vizuri kuliko mimi, mwembamba, sawasawa mpaka kwenye kona. Mwaka jana alikuwa bado mchumba na Mama alimsifu mbele yetu sote. Hana mama wala ndugu huyu, alilelewa nyumba za watu huko Houston. Mwaka jana aliniambia jiko hili ndilo la kwanza ambamo mtu alimwekea kiti bila yeye kuomba.

Hayo nayaandika sasa. Mchana sikuyakumbuka hata moja.

Tulipomaliza kukunja, Mama akazipanga zimesimama ndani ya sufuria kubwa. Chini kabisa, kwenye maji, akatia sarafu ya Babu, ile peso ya zamani aliyovuka nayo mto wa mpakani. Maji yakichemka, inagongagonga. Ikinyamaza, maji yamekwisha, ongeza mengine ya moto upesi. Kazi ndiyo hiyo tu, kukaa na kusikiliza. Mama akasema Chayo, zamu yako. Wengine wakaenda sebuleni kucheza loteria ya kadi za picha, na Shangazi ndiye anayetaja picha, kwa hiyo sebuleni huwezi kusikia hata treni.

Nikakaa. Sarafu inalia, ko-ko-ko. Simu ikaita. Tencha, rafiki yangu wa tangu shule!

Nikasema nitatoka nyuma dakika moja. Tencha akauliza habari za kwetu. Na mimi, kaburi, nikafunguka. Nikamwambia ya Rogelio, ya wageni wa kazini, ya chumba cha wageni. Nikamwigizia Maricruz alivyokuwa anapaka unga kama anampaka mtu makofi. Tencha alicheka mpaka akakohoa. Nilijiona mcheshi. Nikaongeza na ambayo hayakuwapo.

Niliporudi, jiko kimya.

Kimya! Na harufu ile — ukiisikia mara moja huisahau. Nikafunua, mvuke hakuna, maganda ya chini yamekuwa meusi. Nikashika jagi la karibu, maji ya bomba, ya baridi, nikamimina yote. Pshaa! Nikafungua dirisha. Nikatupa pilipili kavu kwenye kikaango cha moto, moshi wake ukafunika ule mwingine. Wote sebuleni wakaanza kukohoa. Mama akapiga kelele wewe Chayo unatuua! Nikasema natengeneza mchuzi wa akiba! Wakacheka.

Na sarafu ikaanza kulia tena. Ko-ko-ko, kama haijawahi kunyamaza.

Saa ya kufunua ilipofika Mama akatoa moja, akaikunjua. Mbichi. Unga umeng'ang'ania ganda. Akatoa nyingine, ya katikati. Mbichi, na inanuka moshi. Tukaziacha ziendelee, tukangoja, tukangoja zaidi. Wapi! Unga ulishapigwa na baridi, ukabaki kama gundi. Mama akafunika sufuria polepole. Akasema maji yapo, sarafu inalia, unga ulielea jana. Basi kuna mtu ameingia humu na kinyongo.

Kila mtu anajua hilo. Tamale haziivi palipo na mtu aliyenuna. Hakuna aliyetaja jina. Macho tu.

Shangazi ndiye aliyesema. Haya bibie, simama uchezee sufuria, labda itakusamehe. Maana ndiyo dawa yake, aliyenuna acheze mbele ya sufuria mpaka acheke. Maricruz akasema yeye hachezi. Akasema yeye kakosewa nyumbani kwake, na hasira zake ni zake, haziingii kwenye sufuria ya mtu. Shangazi akasema mbona zimeingia. Rogelio akaangalia viatu vyake. Maricruz akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akatoka.

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Mwiko mkononi. Mdomo huu uliokuwa unamwagika huko nyuma ukafungwa kama umeshonwa.

Jumapili, 11 Desemba

Nilijitolea kuosha sufuria. Mama akasema acha tusaidiane. Nikasema hapana Mama, pumzika, jana uliumia sana. Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema afadhali ninaye mmoja mwenye moyo.

Nikaipeleka uani. Chini kulikuwa kweusi kama tairi. Nimesugua kwa waya, kwa majivu, kwa soda, kucha zimeniuma. Sarafu nayo ilikuwa nyeusi. Nikaisugua kwa ndimu na chumvi mpaka tai wake akaonekana, manyoya yote. Inang'aa! Nikaifuta, nikairudisha kwenye kopo lake kabatini.

Mtu anayeficha kosa hufanya kazi kwa bidii sana. Sijawahi kuosha chombo hivyo maishani mwangu.

Jumatatu, 12 Desemba

Sikukuu ya Bikira wa Guadalupe. Kanisa limejaa maua. Tencha akanikuta mlangoni, akanibana mbavu, eti vipi zile tamale za Maricruz? Nikauliza nani kakwambia. Akasema aa, mji mzima unajua. Wanaziita hivyo. Tamale za Maricruz.

Kwa Tencha habari hailali, hiyo naijua tangu shule. Sasa nani wa kulaumu?

Nikapanga foleni ya kuungama. Nikamwambia padri nimesengenya. Akauliza, je, kuna aliyeumia? Nikasema kidogo. Akanipa sala za kusali na akaniambia niende kwa amani. Nimezisali zote, sijaenda popote.

Alhamisi, 15 Desemba

Mama kampigia Rogelio. Nilikuwa namenya vitunguu, nilisikia yote. Tarehe ishirini na nne tutakunja upya, akasema, Krismasi haiwezi kuja mezani mikono mitupu. Wewe njoo. Mkeo akiwa bado na vinyongo vyake, apumzike nyumbani.

Apumzike! Neno laini hilo, lakini mlango umefungwa.

Baadaye nikasema Mama, labda haikuwa yeye. Mama akaniangalia. Basi ilikuwa nini? Nikasema labda unga. Akasema unga uliukanda wewe. Nikasema... labda mafuta. Akasema mafuta nilinunua mimi. Kisha akangoja. Kisu mkononi, anangoja.

Nikasema vitunguu vya mwaka huu vikali sana. Nikaenda kunawa macho.

Mwoga mimi. Mwoga na mnafiki, na bado usiku nikala nikashiba.

Jumanne, 20 Desemba

Leo nilikwenda kwa Maricruz. Niliamua kabisa. Nilijifunza maneno ndani ya gari: wifi, sufuria iliungua mimi nikiwa nje, nilikuwa nakusema wewe. Hayo tu. Nimeyarudia kuanzia nyumbani mpaka mlangoni kwake.

Akafungua akitabasamu. Tabasamu lile lilinitisha. Nyumba inang'aa, kahawa tayari, kama vile alikuwa anangoja mkaguzi. Kabla sijakaa akanishika mikono yote miwili. Akasema wifi, nisamehe. Nikasema nikusamehe nini? Akasema tamale. Nimewaharibia Krismasi. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, wifi, lakini sufuria ilikuwa na maji, sarafu ilikuwa inalia, wote mliisikia. Basi ni mimi. Nyumba zote nilizolelewa waliniambia nina hasira mbaya, na kila nyumba nilifukuzwa. Sasa nimeiona kwa macho yangu.

Nikafungua mdomo. Wallahi — hivyo angesema mpangaji wetu mmoja wa zamani, Mswahili — wallahi nilifungua mdomo.

Akaendelea. Akasema siku hizi anajizuia. Rogelio juzi kaalika watu tena, na tena hakumwambia. Akasema sawa, mpenzi. Akapika, akatabasamu, akawaoshea vyombo. Rogelio anafurahi, anasema mke wangu amebadilika! Akacheka aliposema hivyo. Kicheko kikavu. Akasema nameza tu, wifi. Nikihisi inapanda, nameza.

Kisha akaniuliza: wewe ulikuwa karibu na sufuria siku ile. Uliona chochote? Ilibadilika?

Nikasema sikuona.

Sikuona! Neno moja la kweli — sikuona kwa sababu sikuwepo — na nimelitumia kudanganya. Akaitikia kwa kichwa. Akanifungia keki nimpelekee Mama.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, yule mpangaji wetu alinifundisha. Maricruz kanivaa mimi kama sweta, hajui ndani mna kiroboto.

Keki nimeila nusu ndani ya gari, nikilia. Nusu nimempa Mama.

Alhamisi, 22 Desemba

Baridi imeingia kwa hasira. Wanasema mabomba yatapasuka. Tumeyafunga kwa mataulo ya zamani.

Maricruz kampigia Mama mwenyewe. Anaomba aje Jumamosi. Atacheza, kasema. Mbele ya wote, kwa muda wowote watakaotaka. Mama akasema njoo, mwanangu. Alipokata simu hakuonekana kufurahi. Akakaa anatazama kopo la sarafu kule juu kabatini. Nikajifanya natafuta soksi.

Ijumaa, 23 Desemba

Unga umeelea mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Mama hakunisifu. Akasema tu weka kitambaa juu, usikauke.

Nimejaribu kusema mara mbili. Mara ya kwanza Shangazi akaingia. Mara ya pili hakuna aliyeingia.

Jumamosi, 24 Desemba

Naandika chooni. Komeo nimetia. Choo chetu kimepakana na jiko, ukuta ni ubao tu, nasikia kila kitu.

Maricruz amekuja na gauni jekundu. Kajipamba! Akatubusu mmoja mmoja. Shangazi akasema aa, leo jua limetoka. Tumekunja, tumecheka, yaani wao wamecheka. Rogelio akamkanyaga Maricruz mguu kwa bahati mbaya, nikamwona anapandisha pumzi, anameza, anasema hamna shida, mpenzi.

Mama akatoa sarafu kwenye kopo. Akaigeuza. Akaipeleka dirishani, akaigeuza tena. Akasema mbona inang'aa hivi? Shangazi akasema Chayo aliisugua, mtoto mwenye adabu huyo. Mama akasema sarafu hii tangu enzi za baba yangu haijawahi kuhitaji kusuguliwa. Maji yenyewe huiosha.

Nilihisi masikio yanawaka. Nikainama kuokota ganda ambalo halikuanguka.

Mama hakuniuliza. Laiti angeniuliza! Akampa Maricruz sarafu mkononi. Leo wewe utasikiliza, akasema. Maricruz akaishika kama kapewa mtoto mchanga. Akauliza, Mama, ikinyamaza inakuwaje? Mama akajibu taratibu, neno kwa neno, akitazama sufuria, wala si mtu. Ikinyamaza maji yamekwisha. Za chini zinaungua, za juu zinabaki mbichi. Na zote zinanuka moshi.

Maricruz akasema, kama zile?

Shangazi akadakia, zile sarafu ilikuwa inalia bwana, niliisikia kwa masikio yangu! Haya, tucheze, tucheze! Akapiga makofi.

Na Maricruz akacheza. Mbele ya sufuria, na gauni lake jekundu, mikono kiunoni, peke yake. Shangazi anaimba, Rogelio anapiga meza. Anazunguka, anacheka kama alivyoambiwa acheke, na machozi yanamtoka, na wao wakadhani ni ya kicheko. Akaniita, wifi njoo tucheze wote! Nikaenda. Nimecheza! Nimemshika mikono nikamzungusha. Sijui nimeumbwa na nini.

Kisha loteria. Maricruz akabaki jikoni na sufuria, kiti kilekile nilichokalia mimi. Mama akanipa kadi na maharagwe ya kuwekea. Shangazi akataja jogoo, ninaye jogoo, sikuweka. Akataja mkono, ninao, sikuweka. Mama akanyoosha kidole akaniwekea harage langu mwenyewe, bila kuniangalia. Akasema chini kwa chini, unao muda bado, mwanangu.

Muda wa nini? Wa mchezo? Au anajua? Anajua. Tangu vile vitunguu anajua, na ananingoja.

Nikasema tumbo. Nikaja huku.

Niko huku kitambo sasa. Ko-ko-ko upande wa pili. Yeye naye anaimba polepole huku akisikiliza. Nimeuandaa mdomo wangu tena: wifi, sufuria iliungua mimi nikiwa nje, nilikuwa nakusema wewe. Nitatoka nikasemee palepale sebuleni, mbele ya Shangazi, mbele ya Rogelio. Nikimaliza ukurasa huu.

Anagonga mlango. Si Mama, Mama hugonga kwa pete. Ni yeye. Anasema wifi, uko salama? Nimekuchemshia mnanaa, kwa tumbo. Nikasema asante, weka hapo. Anasema hapana, nangoja, usije ukaanguka humo peke yako. Nasikia kikombe kinagonga kisahani. Amekaa chini, nadhani, sakafuni, mgongo kwenye mlango. Anasema nikwambie kitu wifi? Leo nimefurahi. Leo zitaiva.

Na jiko — nasikiliza — jiko kimya.

Haigongi. Nimeweka sikio ubaoni. Haigongi kabisa. Sebuleni Shangazi anapiga kelele za mwezi na ngazi, hakuna anayesikia, na aliye zamu yuko hapa kwa ajili ya tumbo langu la uongo. Zikiungua safari hii ataulizwa yeye. Atasema ni mimi, nilikuwa na hasira kidogo, nilimeza lakini haikutosha. Na wote watamwamini.

Harufu bado. Bado haijaja. Mkono uko kwenye komeo.

Anasema wifi, mbona kimya?